Anza na kazi, kisha rudi nyuma hadi kwenye kozi: mwongozo kwa aliyemaliza kidato cha sita

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali huwa lilelile: "Nina PCB, nimepata C, D, D. Nisome kozi gani?" PCB ni tahasusi, yaani mchepuo, wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Majibu humiminika. Soma famasia, ajira zipo. Achana na ualimu. Nenda IT, ndiyo dunia ya sasa. Wanaojibu hawamjui muulizaji, na wengi wao hawajawahi kufanya hata moja ya kazi wanazozitaja. Lakini kasoro ya kwanza iko kwenye swali. Alama zinaamua utapokelewa wapi. Haziwezi kukuambia ni kazi gani utaamka kuifanya ukiwa na miaka arobaini, watoto wawili na bosi usiyempenda.

Mwongozo huu unakwenda kinyume na desturi: kazi kwanza, halafu masharti ya kuingia kwenye hiyo kazi, halafu kozi, na chuo mwisho kabisa. Nimemfikiria mhitimu wa Tanzania, hasa yule ambaye nyumbani hakuna aliyemtangulia chuoni wa kumuuliza.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike kozi

Chukua karatasi uandike kazi tano au sita zinazokuvutia, na uziandike kwa vitendo. "Biashara" si kazi. "Uhandisi" nao ni mpana mno, humo ndani kuna anayekesha mtamboni na anayekaa ofisini akichora. Andika hivi: kusimamia ujenzi wa barabara, kukagua vitabu vya hesabu vya kampuni, kupima viwanja, kutoa dawa na kumweleza mgonjwa namna ya kuzitumia, kufundisha hisabati kidato cha kwanza. Ukishindwa kuandika kitendo, ujue unachokipenda ni jina tu. Si kosa kubwa, ila unatakiwa kulijua mapema.

Baada ya hapo jiulize kuhusu kero. Vijana huambiwa wafuate wanachokipenda, ushauri ambao kwa mtu wa miaka 19 aliyekulia bwenini hauna msaada mkubwa. Atapendaje asichowahi kukiona? Swali lenye faida ni hili: kero ipi naweza kuishi nayo?

Maana hakuna kazi isiyo na kero. Nesi atafanya zamu za usiku, na Iddi au Krismasi itamkuta wodini. Mhasibu wa serikali anajua Juni ni mwezi gani, kwa sababu mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. Mjiolojia wa mgodini ataishi kambini Geita au Chunya wakati wenzake wanakaa na familia. Afisa ugani atapewa kata nzima, wakulima wenye mashaka, na barabara ambayo masika inapotea. Mwanasheria atasoma, na akimaliza atasoma tena. Asiyeweza kuvumilia kurasa hamsini za mkataba wa pango asidanganywe na joho. Mwalimu atasahihisha madaftari ya darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati.

Pitia orodha yako na kalamu. Kazi ambayo ukiisoma kero yake bado unasema "hiyo nitaiweza", ibakize. Kwa kawaida zitabaki mbili au tatu. Inatosha.

Hatua ya 2: Nenda ukaione

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mtihani wa kidato cha sita huisha Mei, matokeo hutoka Julai. Wanaoitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria hutumia kipindi hicho kambini, kwa hiyo anayesoma haya akiwa bado shuleni aitumie likizo ya kidato cha tano. Wasioitwa wana wiki kadhaa ambazo zikiachwa zinaliwa na simu.

Usimtafute bosi. Bosi atakupa hotuba. Mtafute mtu mwenye miaka miwili hadi mitano kazini: bado anakumbuka chuo kilivyokuwa, bado anajua ajira ilivyopatikana, na bado hajaanza kujenga historia tukufu ya maisha yake. Duka la dawa la mtaani, zahanati, ofisi ya kata, ofisi ya mpima ardhi wa halmashauri, gereji kubwa, benki, shule uliyosoma. Kote humo yupo.

Namna ya kumwingia ni rahisi. Epuka asubuhi ya Jumatatu na saa za foleni. "Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu. Nimemaliza kidato cha sita, nafikiria kusoma kozi inayoleta kazi kama yako. Naomba dakika kumi ukipata nafasi, hata kesho." Sema mapema kabisa kwamba hutafuti ajira, kwa sababu kijana mwenye bahasha mkononi huwatia watu hofu kuanzia kwa mlinzi getini.

Ukikaa naye, usianze na mshahara. Uliza:

- Jana, tangu ulipofika hadi ulipoondoka, ulifanya nini?
- Sehemu gani ya kazi inakuchosha zaidi?
- Ajira hii uliipataje, na ilichukua muda gani tangu uhitimu?
- Mliosoma darasa moja, wengine wako wapi sasa?
- Ungerudi nyuma ungesoma kozi ileile?

Swali la nne ni la dhahabu. Mtu mmoja anaweza kuwa na bahati, lakini darasa zima haliwezi. Akikuambia kati ya wenzake aliokuwa nao karibu wengi wanafanya kazi isiyohusiana na walichosoma, umepata habari ambayo hakuna kipeperushi cha chuo kitakachokuandikia. Sikiliza pia anazungumzia nini bila kuulizwa. Wapo watakaokueleza kazi yenyewe, mgonjwa aliyepona au daraja lililokamilika. Wapo ambao hadithi yao yote ni safari na posho. Wote wanaweza kuwa wakweli, ila wa kwanza anakufundisha zaidi kuhusu kuridhika.

Wasikilize watu wawili au watatu kwa kila kazi. Ukimsikiliza mmoja tu, utabeba hasira zake au bahati yake ukidhani ni hali ya kazi.

Hatua ya 3: Fuata njia mpaka mwisho wake

Kuhitimu si kuingia kazini. Taaluma nyingi zina chombo cha usajili, na kati ya cheti cha chuo na usajili kuna miaka ambayo hukuihesabu. Ihesabu sasa.

Udaktari wa binadamu ni miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya hospitali chini ya usimamizi, kabla ya usajili kamili. Mhandisi akihitimu miaka yake minne husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha huhitaji uzoefu unaosimamiwa, kwa kawaida miaka mitatu, kufikia ngazi ya mhandisi mtaalamu. Mhasibu mwenye shahada bado ana mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, mbele yake kama anataka CPA, yaani cheti cha juu cha uhasibu, na nafasi nyingi za juu za uhasibu huidai. Ununuzi na ugavi wana bodi yao, PSPTB. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi nao wana yao.

Sheria naiweka peke yake kwa sababu ndiyo inayowashtua watu zaidi. Shahada ya sheria haikufanyi wakili. Baada yake unakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile inayojulikana kama Law School, iliyoko Dar es Salaam. Mwaka 2022 matokeo yake yalizua mjadala nchi nzima: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Sisemi usisome sheria. Nasema uiingie ukijua kwamba mtihani mgumu kuliko yote unakusubiri baada ya mahafali, na kwamba unahitaji ada ya hatua hiyo pia.

Kwa kila kazi iliyobaki kwenye karatasi yako, andika mstari mmoja: miaka ya chuo, chombo cha usajili, mitihani ya baada ya chuo, na umri utakaokuwa nao siku unayoanza kulipwa. Ukiona umri huo na moyo ukatulia, endelea.

Hatua ya 4: Soma matangazo ya ajira kabla ya kusoma orodha ya kozi

Fungua Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, soma matangazo ya kada unayoitaka ya mwaka uliopita na mwaka huu. Ongeza ya kampuni binafsi na mashirika. Usisome mshahara wala mwisho wa kutuma maombi. Soma mistari ya sifa za mwombaji. Pale wanaandika majina ya shahada wanazozikubali, moja baada ya nyingine.

Nakili majina hayo kama yalivyo. Vyuo vimeanzisha kozi nyingi zenye majina marefu yanayovutia, na baadhi ya majina hayo hutayaona kwenye tangazo hata moja. Mwenye kozi ya namna hiyo hulazimika kutegemea maneno "au fani nyingine inayolingana", na anayeamua kama inalingana si yeye. Kwa kada za afya hili ni zito zaidi: uliza baraza husika kama wahitimu wa kozi hiyo kwenye chuo hicho wanasajiliwa. Uliza kabla hujalipa ada.

Matangazo yatakufundisha pia ukubwa wa foleni. Mwaka 2025 TRA, Mamlaka ya Mapato, ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Takwimu kama hiyo isikukatishe tamaa, ila ikuulize swali: kozi ninayoitaka inanipa njia ngapi za kuishi? Fundi umeme, daktari wa mifugo au mpima ardhi anaweza kuajiriwa, anaweza pia kupata mteja mwenyewe. Kozi ambayo mwajiri wake ni mmoja tu nchini inataka ufikiri mara mbili.

Hatua ya 5: Sasa leta alama zako

Kigezo cha chini cha kuingia shahada ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa alama A hadi E, jumla ya pointi zisizopungua 4. Hesabu yake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hicho ni kigezo cha jumla. Kila kozi ina masharti yake juu ya hapo. Udaktari, kwa mfano, unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote, kila moja isiwe chini ya D.

Masharti yote yamo kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ambacho hutolewa kila mwaka bure mtandaoni. Kuna cha waliotoka kidato cha sita na cha wenye stashahada. Pakua cha mwaka huu, si cha kaka yako. Masharti hubadilika.

Usikubali tahasusi ikufunge kuliko inavyostahili. PCB kwa watu wengi ni udaktari au kushindwa. Kumbe pale Sokoine, Morogoro, kuna udaktari wa mifugo, misitu, sayansi ya chakula; kwingine kuna maabara, famasia, uuguzi, afya ya mazingira. EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) wengi wanaijua kwa kozi ya uchumi tu, kumbe kozi ya takwimu nayo inawasubiri. Chukua majina uliyonakili kwenye hatua ya 4, yatafute kwenye kitabu moja moja, weka alama ya vema pale unapokidhi.

Usipokidhi, usikimbilie kozi jirani kwa jina. Rudi kwenye kazi uliyoitaka, uulize kama ina njia nyingine. Mara nyingi ipo, nayo ni hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Ipime stashahada kwa haki

Wazazi wengi husikia "diploma" wakadhani mtoto ameanguka. Kuna kazi ambazo stashahada ndiyo njia ya kawaida, na kuna ambazo inakufikisha mapema. Tabibu mwenye stashahada ya tiba anaanza kazi wakati aliyekwenda udaktari bado yuko darasani, na akiwa na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 pamoja na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne anaweza kuomba udaktari baadaye. Chuo cha Maji, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Chuo cha Bahari, Mweka kwa wanyamapori: hivi ni vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya kazi fulani, na mhitimu wake anajulikana anakwenda wapi. Vyuo vya ngazi hizi vinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi; hakikisha chuo na kozi vyote viwili vimo kwenye orodha yake. Chuo kusajiliwa hakumaanishi kila kozi yake imeidhinishwa.

Hatua ya 7: Fedha

Fanya hesabu mbili: moja ukiwa na mkopo, nyingine ukiwa huna. Bodi ya Mikopo huangalia hali ya mwombaji na fani anayosoma, na wengi hupata sehemu tu. Fedha za kujikimu, lile bumu, zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23; zipime na kodi ya chumba ya mji unaokwenda. Tangu 2023/24 Bodi inakopesha pia baadhi ya stashahada za fani za kipaumbele. Mkopo ni deni: ukiajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi uishe.

Cheti cha kuzaliwa cha maombi ya mkopo kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Kila mwaka kuna waliokwama kwenye karatasi hii moja tu.

Hatua ya 8: Zungumza na wazee ukiwa na karatasi

Baba akisema "mimi nimeshaamua, wewe ni daktari", kubishana kwa hisia hakutakusaidia. Mpelekee karatasi yako: kazi, njia yake, miaka, matangazo uliyoyaona, watu uliozungumza nao. "Baba, nilikwenda kumwona yule afisa mifugo wa wilaya, akanieleza hivi." Mzazi anayelipa ana haki ya kusikilizwa, na mara nyingi hofu yake ni moja: usije ukahitimu ukarudi kukaa nyumbani. Ijibu hofu hiyo. Ikishindikana, mtafute mjomba au shangazi anayesikilizwa, umpe karatasi ileile kabla ya kikao.

Hatua ya 9: Omba

Chuo sasa. Kati ya vyuo vinavyotoa kozi yako, tazama maabara au karakana, mahali wanafunzi wanakopelekwa mafunzo kwa vitendo, na gharama ya maisha ya mji. Umaarufu wa chuo uje baada ya hayo. Maombi yanatumwa kwa chuo moja kwa moja kupitia mfumo wake, kwa awamu. Panga machaguo kwa mpangilio wa unavyoyataka, na chaguo la mwisho liwe bado ni kozi uliyoikagua, lisiwe la kujazia nafasi. Namba ya simu iwe yako na iwe hewani: ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi, ndani ya tarehe iliyopangwa. Usimwachie mwenye stesheneri nywila yako.

Hatua ya 10: Mwaka wa kwanza ni sehemu ya kuchagua

Ukifika na kugundua ndani ya wiki za mwanzo kwamba umekosea, uliza ofisi ya udahili kuhusu kuhama kozi. Inawezekana ikiwa nafasi ipo na masharti ya kozi mpya unayakidhi, na dirisha lake ni fupi. Usisubiri sapu, mitihani ya marudio, zikuamulie.

Mafunzo kwa vitendo, fildi, ndiyo kipimo cha kweli cha kwanza. Usitafute ofisi iliyo karibu na nyumbani ambako utatumwa kununua vocha. Tafuta mahali wanapofanya kazi uliyoiandika kwenye karatasi. Ukirudi umeichukia wakati uko mwaka wa pili au wa tatu, kuacha chuo mara nyingi ndilo chaguo la gharama kubwa kuliko yote. Maliza, kisha geuka: stashahada ya uzamili ya elimu humfungulia ualimu mwenye shahada ya somo linalofundishwa shuleni, mitihani ya NBAA hupokea pia waliosoma fani nyingine, na shahada ya pili inaweza kukuhamishia fani ya jirani. Andika karatasi mpya, uanze tena hatua ya kwanza, safari hii ukiwa umeshaiona kazi moja kwa ndani.